Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Tunachojifunza Kutoka Songwe Kuhusu Chakula na Maji



Leo tunakuchukueni mbali kidogo na bahari. Mkoa wa Songwe ni miongoni mwa mikoa michanga ya Tanzania. Ulitengwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yako Vwawa, na mji wake unaojulikana zaidi ni Tunduma, pale ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA zinaingia Zambia. Ni nchi ya chakula. Mbozi inatoa mahindi, maharage, kahawa na maparachichi. Kamsamba, kule Momba, inalima mpunga. Ziwa Rukwa liko jirani na samaki wake. Ukifika Tunduma baada ya mavuno utaona malori ya mahindi yamejipanga kuvuka mpaka kwenda kulisha nchi za watu.

Lakini uchunguzi wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano, zaidi ya 40 wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionesha hali imekuwa bora, AlhamduliLlaah, idadi imeshuka hadi karibu theluthi moja. Mikoa jirani ya nyanda za juu haikuwa na bahati hiyo. Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo nayo ni mikoa ya kilimo, ilikutwa na karibu nusu ya watoto wake, na Iringa zaidi ya nusu, wakiwa wamedumaa. Wastani wa Tanzania nzima mwaka huo ulikuwa asilimia 30.

Mtoto aliyedumaa si mtoto mwenye njaa, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Anakula, anashiba, anacheza, pengine ana mashavu mazuri. Ila urefu wake uko chini ya umri wake, na kilichozuilika si urefu tu. Ubongo nao ulikuwa unajengwa katika miezi ileile, tangu tumboni mwa mama hadi miaka miwili, na ukipita muda huo ni vigumu sana kulipa deni. Utamkuta skuli anachelewa kushika masomo, mwalimu anasema mvivu, na mzazi naye anaamini.

Mkaazi wa visiwani anaweza kuuliza: Songwe inatuhusu nini sisi wenye samaki?

Inatuhusu kwa sababu sisi wenyewe tuna mfano wetu, na unafanana na wao kama sura mbili za sarafu moja. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watu wa visiwani hawawezi kupatwa na tezi la shingo, maradhi yanayoletwa na upungufu wa madini joto, kwa kuwa bahari ina madini hayo na sisi tunakula samaki. Tezi lilihesabiwa ni ugonjwa wa watu wa milimani, kama hao wa Mbeya na Songwe. Wataalamu walipokuja kuwapima wanafunzi wa Unguja na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakalikuta tezi, na Pemba likawa zaidi kuliko Unguja. Samaki tunaowala hawakutosha peke yao, na chumvi yetu tuliyoichota mashimoni pembezoni mwa mikoko haikuwa imetiwa madini joto. Mtu anaishi katikati ya bahari na anakosa kitu kilichomo baharini, kama yule anayelala kwenye ghala la mahindi na mwanawe anadumaa.

Kwa hiyo ukinunua chumvi, tizama paketi iandikwe kwamba ina madini joto. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na itie chakula kinapokaribia kuiva, kwani madini hayo hupotea kwa joto na unyevu. Hatusemi muongeze chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipindukie gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na presha imeshatuulia wazee wengi. Tunasema mbadilishe chumvi, si mzidishe.

Kwa nini ghala limejaa na mtoto amedumaa

Sababu ya kwanza ni kula kitu kimoja. Mahindi yanatoa nguvu, lakini protini yake ni pungufu, na yakikobolewa yakawa sembe nyeupe hupoteza kiini na ganda pamoja na sehemu kubwa ya madini na vitamini. Mtu akila ugali wa sembe mchana na usiku, na kitoweo ni majani machache yaliyochemshwa, tumbo linajaa na damu inabaki tupu. Maharage yangeziba pengo lile, maana kile kinachokosekana katika protini ya mahindi kimo katika maharage, lakini maharage yanauzwa. Mayai pia, na maziwa. Mkulima anahitaji fedha za ada na mbolea, basi kinachobaki nyumbani ni kile chenye bei ndogo.

Msicheke. Mvuvi wetu anapandisha pweza na changu, na kabla mashua haijafungwa mtu wa hoteli keshawachukua. Nyumbani kunapikwa wali na mchuzi wenye harufu ya samaki. Asubuhi watoto wamekunywa chai ya rangi yenye sukari na boflo, na jioni ni chai tena kwa mandazi. Ukiandika katika karatasi alichokula mtoto huyo kwa siku, utaona unga mweupe, mchele mweupe na sukari. Hakuna tofauti kubwa na ugali wa Mbozi, ila sisi tuna nazi.

Sababu ya pili ni kazi ya mama. Songwe mvua huanza mwishoni mwa mwaka, na miezi hiyo mama yuko shambani na jembe kutoka alfajiri. Mtoto mchanga anaachiwa bibi au dada yake mdogo pamoja na kikombe cha uji mwepesi. Uji mwepesi ni maji yaliyotiwa rangi. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, likijaa maji hakuna nafasi ya kitu kingine. Uji wa mtoto uwe mzito wa kutodondoka kwenye kijiko kwa urahisi, na utiwe kitu: karanga zilizosagwa laini, maziwa, yai, au dagaa waliokaushwa vizuri na kusagwa unga. Dagaa ni rahisi kwa bei, na mtoto anayepewa kijiko kimoja cha unga wa dagaa kila siku amepata protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa wakati mmoja. Katika hili watu wa visiwani hatuna udhuru.

Na sababu ya tatu, ambayo wanaume hatupendi kuisikia, ni mgao wa sahani. Katika nyumba nyingi, kule na huku, kipande cha samaki au nyama kinamwendea baba, kisha wageni, na mama anayenyonyesha anafuta sufuria. Aya ya 233 ya Suratul-Baqarah inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na ndani ya aya hiyohiyo baba amewekewa jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema. Mara nyingi tunaisoma nusu ya kwanza tukamkumbusha mama wajibu wake, tukaiacha ya pili. Mama mja mzito na mwenye kunyonyesha ndiye wa kwanza kustahiki kile kipande cha samaki, kwa sababu anakula kwa ajili ya wawili.

Sahani ya nyumba ya kawaida

Hatutaki kuwapangieni vyakula vya dukani vya gharama. Sokoni Mwanakwerekwe, Darajani au Chake Chake kuna kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu, matembele, papai, embe za msimu, mapera na dagaa. Wali ukiliwa na choroko au kunde umeshapata mwenzake, kama vile ugali na maharage. Mboga za majani zipikwe kwa muda mfupi na zitiwe mafuta au tui kidogo, maana vitamini A iliyomo hainyonywi vizuri bila ya mafuta. Kamulia ndimu juu ya maharage au mchicha, au mtoto ale pera baada ya chakula, chuma kitaingia mwilini zaidi.

Chai inafanya kinyume chake. Majani ya chai yanazuia chuma kisinyonywe, na desturi yetu ya kuteremsha chakula kwa chai ni moja ya sababu za kina mama kukosa damu. Hatusemi muiache. Isubirini saa moja au mbili baada ya kula, na watoto wadogo wasipewe kabisa.

Unga wa dona ni bora kuliko sembe, na anayeweza kuuzoea auzoee. Nao hauna miujiza, kwani ganda lile lile lenye madini lina kitu kinachoyashikilia yasinyonywe. Ukiuvundika kidogo kama wa togwa, hali hiyo hupungua. Wenye kununua sembe ya kiwandani watizame kama imeongezwa virutubishi. Vinu vidogo vya mitaani kwa kawaida haviongezi.

Jambo moja tunalisisitiza sana, nalo ni ukungu. Mahindi na karanga zisipokauka vizuri huota kuvu wanaotoa sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu Dodoma na Manyara, na waliokufa walifikia 20. Mwaka 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa, na anayekula kidogokidogo kwa miaka anajiweka karibu na saratani ya ini. Hewa ya visiwani ni ya unyevu, basi gunia lisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Liwe juu ya mbao. Karanga yenye rangi isiyo yake, iliyosinyaa au chungu, itupwe. Tunajua kutupa chakula ni kuzito kwa Muislamu, lakini sumu haihesabiki kuwa chakula, na kumpa kuku wako ni kuirudisha mezani kwa njia ya yai. Wakulima wana kipimo chepesi: tia punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, itikise, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji.

Maji

Hadithi mashuhuri ya theluthi tatu, aliyoipokea al-Miqdaam bin Ma‘diy Karib na akaihifadhi at-Tirmidhiy, tunaitumia sana kuwakemea walafi. Mara chache tunaona kwamba ndani yake maji yamepewa fungu sawa na chakula. Watu wanakula mafungu matatu yote, maji wanayakumbuka wakisikia kichwa kinauma.

Tunduma ina maradhi yake katika hili. Mji uko juu, na miezi ya Juni na Julai ni baridi, basi mtu hahisi kiu kutwa nzima. Madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kuvuka mpaka, ambayo mara nyengine huchukua siku, wanajizuia kunywa ili wasihangaike kutafuta choo, kisha wanajikesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Wapo vijana wetu wa visiwani katika biashara za mpakani wanaoishi hivyohivyo. Mkojo mchache wa rangi ya chai ni mwili unaomba maji, na anayeuzoea kwa miaka anajitafutia mawe ya figo. Vinywaji vile vya kopo vina sukari na kafeni. Vinamficha mtu usingizi wake, havimwondolei.

Huku kwetu hali ni ya pili: wakati wa kaskazi jasho linatoka hata umekaa. Mtu mzima ahesabu kama lita 2 za vinywaji kwa siku, na zaidi kwa mvuvi, mjenzi na mama anayenyonyesha. Rangi ya mkojo ndiyo mizani iliyo karibu. Ikiwa nyeupe au ya njano hafifu, inatosha. Wazee wetu wasisubiri kiu, kwani kiu hupungua na umri. Mjukuu ampelekee bibi gilasi kila baada ya swalah, hesabu itakuwa imetimia bila ya mtu kuhisabu. Mwenye maradhi ya moyo au figo afuate kiwango alichopewa na daktari wake.

Soda isihesabiwe katika maji. Chupa moja ya kawaida ina sukari kiasi cha vijiko 8 au 9 vya chai, na kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima kwa siku nzima, pamoja na sukari ya chai na keki, ni vijiko 12 kwa wingi, na bora visizidi 6. Dafu ni zuri, na juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari nyingi ni nzuri. Maji ni bora kuliko vyote na hayana mpinzani.

Ila maji yenyewe yawe salama. Tunduma umekua haraka kuliko mabomba yake, na ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, nchi ambayo kuanzia Oktoba 2023 ilipatwa na kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 700. Nasi hatujasahau mlipuko wa Zanzibar wa 2015 na 2016, uliowapata zaidi ya watu 4,000. Maji yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kinachoingia na vidole.

Mtoto akiharisha, usimnyime kunywa wala kula. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi, na kituo cha afya watampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Usiku ukiwa mbali na kituo, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi vitamshikilia mpaka asubuhi. Chumvi isizidi hapo, itamdhuru. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi au hawezi kunywa, msisubiri asubuhi.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi maji, hata kipindi cha joto. Maziwa ya mama yana maji yote anayoyahitaji. Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwani inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo. Hili wengine linawatatiza kwa kuwa asali imesifiwa katika Qur-aan. Ndiyo, ni ponyo, na nyama pia ni halali lakini hatumpi mtoto wa siku tatu. Ama tahniyk, Sunnah yake ni kwa tende iliyolainishwa, kiasi kidogo cha kupakwa kwenye kaakaa kwa mkono uliooshwa, na huko si kumlisha mtoto.

Mama na saumu

Kina mama wengi wanauliza juu ya Ramadhaan, na waliopo bara ambako jamii ya Kiislamu ni ndogo huwa hawana wa kumuuliza. Mama mja mzito au anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake, anaruhusiwa kula. Maziwa yakipungua waziwazi, au mtoto akapungua uzito, hiyo ni hofu ya kweli. Katika madhehebu ya Imaam ash-Shaafi‘iy, yanayofuatwa zaidi visiwani kwetu, akihofia nafsi yake, au nafsi yake na mtoto pamoja, atalipa siku zile tu. Akihofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidyah, kibaba kimoja cha chakula cha kawaida cha mji kwa maskini mmoja kwa kila siku. Wapo Maulamaa wenye kauli nyengine, na mwenye kuhitaji ufafanuzi wa hali yake amuulize mwanachuoni aliye karibu naye.

Anayeweza kufunga, ayagawe maji yake baina ya Maghrib na Alfajiri: gilasi mbili na tende wakati wa kufuturu, nyengine kabla na baada ya Taraawiyh, mbili wakati wa daku. Kunywa lita nzima dakika za mwisho hakumsaidii, mwili utayatoa kabla ya jua kupanda. Na dereva aliyeko safarini Tunduma naye ana ruhusa ya msafiri, atalipa siku nyengine.

Na Allaah Anajua zaidi.